Neno Moja kwa Mioyo Mia Tatu

Dhoruba ya jua, ile miali inayounguza mitambo, ilipita juu ya milima ya Makete alfajiri ya Jumanne, na kufikia saa mbili asubuhi Skolastika Mbilinyi alikuwa hajapata salamu hata moja. Kwa kawaida zilimiminika kwenye kioo cha kompyuta yake kila dakika, mia tatu na kumi na mbili, moja kwa kila pampu iliyopachikwa kifuani mwa mtu: niko hai, betri imejaa, aliyenibeba amelala, aliyenibeba analima. Asubuhi hiyo kioo kilikuwa cheusi kama ubao ambao hakuna mwalimu aliyeugusa.

Watu wa milimani waliziita pampu hizo "jirani", kwa sababu zilikaa ubavuni mwa moyo. Homa iliyofuata mwaka wa mafuriko ilikuwa imedhoofisha mioyo ya wengi, na jirani ndiye aliyewarudisha shambani kwenye viazi na pareto. Skolastika alikuwa mhandisi wa kituo kilichowaangalia. Kwa miaka tisa hakuwa amepitisha asubuhi bila kuzisikia.

"Zimekufa?" aliuliza Daktari Obadia Sanga, mkuu wa kituo, akiwa bado mlangoni. Nyingi ya pampu hizo alizipachika kwa mikono yake.

"Hazijafa, Daktari. Zingekuwa zimekufa tungeshaanza kuletewa habari za misiba." Skolastika alimwonyesha pampu ya majaribio iliyokuwa mezani, ikisukuma maji mekundu kwenye mrija. "Angalia hii. Nikiiamuru inatii, ila haijibu. Masikio yamebaki, midomo imeungua."

"Basi tuziamuru zirudi katika hali ya kawaida."

"Tatizo hatujui kila moja iko wapi."

Akaeleza huku vidole vikiendelea kubonyeza. Ndani ya kila pampu ziliendeshwa programu tano kwa pamoja: ya vali, ya pigo, ya betri, ya kuzuia damu isigande, na ya kusikiliza kama mwili unatembea au umelala. Kila moja ilifanya kazi yake, na mahali fulani ilisimama kumsubiri mwenzake kabla ya kuendelea. Dhoruba ilikuwa imezitawanya. Bado zilisukuma damu, lakini kila moja kwa mwendo wake, zikigongana na kurudia kazi, na betri ilivuja kama maji kwenye pakacha. Kwa jinsi ile ya mezani ilivyokuwa ikishuka, za kwanza zingezimika saa kumi jioni.

"Mafundi wetu ni kumi na mmoja," Sanga alisema. "Wana waya wa kupimia. Mgonjwa mmoja ni robo saa."

"Robo saa ukishafika kwake. Droni zote zimeanguka kwenye miti ya misindano, barabara ya Ludewa ina tope, na vijiji unavijua. Wakienda na pikipiki sasa hivi, kila fundi atawafikia wawili. Akiwa na bahati, watatu."

Sanga hakuhitaji kalamu. Alikwenda uani akawatuma mafundi, kisha akarudi na kuketi bila kuvua kofia.

"Na waliobaki?"

"Waliobaki watapata neno," alisema Skolastika.

*

Neno lilikuwa mfululizo wa amri. Mnara ulioko kilimani ungelituma mara moja, na masikio yote mia tatu na ushei yangelisikia kwa wakati mmoja. Kazi ya Skolastika ilikuwa kupata neno ambalo, popote pampu ilipokuwa imesimama, mwisho wake lingeifikisha pale pale zilipotakiwa kuwa zote. Ilibidi litoke sahihi mara ya kwanza. Umeme wa gridi ulikuwa umekatika, na betri za mnara zilitosha kutuma mara moja tu.

Kompyuta ya kituo ilianza kutafuta saa mbili na nusu. Saa nne kasorobo ikaonyesha neno la amri sitini na moja. Skolastika alilisoma mara tatu, akalijaribu kwenye pampu ya mezani, likafanya kazi. Halafu akaona mstari mwekundu chini yake, akausoma tena na tena mpaka Sanga akasimama.

"Kuna nini?"

"Lina shimo. Zipo pampu ambazo amri ya thelathini na nane itazikuta vali ikimsubiri pigo, na pigo likimsubiri vali. Hakuna atakayeanza. Zitakwama hapo hapo."

"Na zikikwama?"

"Moyo nao utasimama, Daktari."

Sanga aliuliza ni ngapi. Kwa kumbukumbu za dakika za mwisho kabla ya dhoruba, Skolastika alikadiria moja katika kila mia. Watu watatu. Hakuna aliyeweza kusema ni nani.

"Tafuta neno lingine lisilo na shimo."

"Inatafuta. Lakini sikiliza. Kila programu ina hali kumi na mbili. Zikiwa tano pamoja, pampu moja inaweza kuwa katika hali laki mbili na arobaini na nane elfu. Hiyo peke yake si kitu kwa kompyuta. Shida ni kwamba sifuati pampu moja. Kwa kila amri lazima nijue kundi zima la mahali zinapoweza kuwa zote, na makundi ya namna hiyo ni mengi kuliko chembe za mchanga wa dunia, na ukizidisha mchanga huo kwa mchanga bado hujafika. Ukiongeza programu moja, kazi haiongezeki kwa moja. Inafura. Huenda neno safi lipo, huenda halipo kabisa. Kulipata, au hata kujua kwamba halipo, kunaweza kuchukua miaka. Sisi tuna saa sita."

Alisita. Kulikuwa na jambo jingine, na hakutaka Sanga alisikie kutoka kwa mtu mwingine.

"Programu ya vali niliiandika mimi. Miaka tisa iliyopita nilitaka kuthibitisha kwamba haitakwama na zile nyingine nne. Kwa programu tatu nilithibitisha. Kwa tano kompyuta ilihesabu wiki sita bila kumaliza, na wagonjwa walikuwa wanakufa wodini wakisubiri pampu. Nikaandika kwenye ripoti kwamba imejaribiwa vya kutosha."

"Nami nikaitia saini," alisema Sanga. "Nakumbuka. Tuma neno, Skola."

"Nitatuma saa saba, mafundi wakishafika wanakokwenda. Lakini kwanza niwaambie watu."

Hapo ndipo walipotofautiana. Siku ya mafunzo kila mgonjwa alionywa asilale na sinia wala bati kifuani, maana jirani hasikii kupitia chuma. Wote walilijua hilo. Mtu akiogopa neno angejifunika sinia tu, na neno lingempita.

"Mgonjwa akisikia kwamba watatu watakufa, hasikii wale mia tatu na tisa watakaopona," Sanga alisema. "Nimefanya kazi hii miaka thelathini. Nusu yao watajifunika. Mafundi hawatawafikia, na saa kumi tutaanza kuzika. Unataka kuua watu mia kwa sababu ya ukweli?"

"Na wewe unataka niue watatu bila kuwauliza."

"Nataka kuokoa wengi niwezavyo. Huo ndio udaktari."

Skolastika aligeukia kompyuta, iliyokuwa bado ikitafuta neno lingine. Alikaa, na wakati ukaenda.

*

Saa nne na nusu redio ya upepo, ya kuitana na kata simu zinapokatika, ilikoroma. Ilikuwa ofisi ya kata ya Ilindiwe, na aliyekuwa akiita alikuwa Zakaria Tweve, mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa chama cha wenye majirani. Yeye mwenyewe alikuwa na jirani kwa mwaka wa saba.

"Kamwene, mwanangu," alisalimu kilugha.

"Kamwene, Mwalimu. Unajisikiaje?"

"Kifua kinagonga kama mtu anayehama nyumba. Watu wamejaa hapa ofisini. Fundi amepita na pikipiki bila kusimama. Mna nini huko?"

Skolastika alimtazama Sanga. Sanga alitikisa kichwa polepole.

"Tunashughulikia, Mwalimu."

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja," sauti ilisema. "Hilo ni jibu la mwanafunzi ambaye hajafanya kazi ya nyumbani. Nimewatoa watu nje, niko peke yangu. Nieleze."

Akamweleza. Alimwambia afikirie nyumba nyingi zilizojengwa kwa ramani moja, na katika kila nyumba mtu aliyefungwa kitambaa machoni, akiwa katika chumba asichokijua. Wewe uko nje na kipaza sauti kimoja. Unasema kulia hatua mbili, mbele, kushoto, na wote wanakwenda kwa pamoja, na unataka mwisho wake wote wawe sebuleni, hata kama walianzia vyumba tofauti.

"Inawezekana," alisema Mwalimu. "Aliyegonga ukuta anabaki pale pale, wenzake wanamkuta. Polepole wanakusanyika."

"Ndiyo. Lakini kwenye ramani kuna kisima katika chumba kimoja. Nimepata maelekezo yanayowafikisha wote, isipokuwa atakayekuwa ndani ya chumba hicho kwenye hatua ya thelathini na nane."

"Wangapi?"

"Kama watatu."

"Na msipotuma?"

"Karibu wote, Mwalimu. Kuanzia saa kumi."

Alimsikia akivuta kiti. "Unatuma saa ngapi?"

"Saa saba."

"Wengine wanajua?"

"Hapana. Daktari anahofu watajifunika masinia."

"Watajifunika, baadhi yao. Daktari hajakosea." Akakohoa. "Lakini mimi sasa ninajua. Saa saba nitaweza kulala kitandani na kumwita mke wangu, au nitaweza kuchukua sinia jikoni. Umenipa hayo kwa sababu nilikuwa na redio na nikakuuliza kwa ukali. Fidelis Luvanda, naye mwenye jirani, anakaa nyuma ya mlima huu, hana redio ya upepo, wala si mtu wa kuuliza kwa ukali. Kwa nini mimi nipewe na yeye asipewe?"

Skolastika aligeuka. Sanga alikuwa ameisikia kila kauli. Alivua kofia yake hatimaye, akaiweka juu ya goti.

"Kibali sitakupa," alisema daktari. "Nikikupa, nitakuwa nimesema kitu nisichokiamini. Wala sitakuzuia."

*

Redio ya wilaya ilikuwa na jenereta yake. Saa tano na robo walikatiza muziki, na Skolastika akazungumza kwa dakika nne. Alitaja jina lake na kazi yake. Alisema saa saba mchana neno litapita, kwamba karibu kila mmoja atapona, kwamba watu watatu hivi huenda wakafa kwa sababu ya neno lenyewe na hakuna ajuaye ni nani. Alisema atakayejifunika chuma neno halitamfikia, na kwamba mafundi hawatoshi kumfikia kila aliyejifunika. Alisema angependa wote walipokee. Alimaliza kwa kusema, "Amueni na watu wenu. Samahani kwamba muda ni mfupi."

Alirudia mara mbili kwa Kiswahili, na mtangazaji akarudia kwa Kikinga.

Saa saba kasoro dakika mbili Sanga alikuja kusimama nyuma ya kiti chake. Saa ilipotimia, Skolastika alibonyeza, na amri zikaanza kuondoka, moja kila baada ya sekunde ishirini. Ya kumi. Ya ishirini. Pampu ya mezani ilisitasita, ikaendelea. Ilipofika ya thelathini na nane alijikuta amezuia pumzi, kana kwamba ni yeye aliyekuwa kwenye chumba kile. Amri ilipita bila mlio wowote. Yale yaliyokuwa yakitokea yalitokea mbali, katika vyumba asivyoviona, na kioo hakikuwa na la kumwambia.

Ya sitini na moja ilipotoka, taa za mnara zilizimika zenyewe.

Habari zilianza kuingia saa nane, kwa redio za upepo za kata, jina kwa jina. Sanga aliandika kwa mkono. Lupila, wote salama. Kitapilo, wote salama, wawili wamejifunika. Mama mmoja wa Ikonda alikuwa amelala kwenye mkeka na wanawe wote wakimzunguka, akafa saa saba na dakika kumi na tatu. Kijana mmoja mfyatua matofali alikufa kazini dakika ile ile. Mwalimu Tweve alikuwa hai, na aliomba waambiwe kwamba hakuchukua sinia.

Kufikia magharibi hesabu ilikamilika. Waliopokea neno walikuwa mia mbili themanini na watano, na kati yao wawili walikuwa wamekufa. Waliojifunika walikuwa ishirini na saba. Mafundi, ambao mmoja wao alivunjika mguu na bado akaendelea, waliwafikia ishirini na wawili kati ya hao. Watano walikufa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, wakisubiri.

Sanga aliitazama karatasi kwa muda.

"Nilisema nusu," alisema. "Nilikosea."

"Ningenyamaza wangekufa watatu. Pengine wawili," Skolastika alijibu. "Mimi nimeua saba."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje?"

Daktari alikunja karatasi, akaiweka mfukoni, akaenda kuchemsha chai.

*

Fidelis Luvanda alikuwa mmoja wa wale watano. Skolastika alikwenda msibani kwake Jumatano kwa pikipiki ya kituo, bila kualikwa, akamkuta mjane jikoni kwa kuwa uani kulikuwa na wanaume. Aliitwa Yustina, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini hivi, na macho yake yalikuwa makavu.

"Wewe ndiye wa redioni," alisema. "Naijua sauti."

"Ndiyo, mama. Pole sana."

Yustina aliwaomba wanawake wengine wawapishe. Walipotoka alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Nikuulize, na usinifiche. Angelipokea lile neno, angekuwa hai?"

Skolastika alikuwa akiomba asiulizwe hilo njia nzima. "Siwezi kuapa. Lakini wengi waliolipokea wako hai. Kwa kila mia, tisini na tisa."

Mjane aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea kipimo alichokwisha kukikisia.

"Yeye alitaka kulipokea. Alisema, Yustina, mbona hata mvua ya radi inatukuta shambani kila mwaka na tunapona. Mimi nikakataa. Tukabishana mpaka saa saba ikakaribia, akachoka, kifua kilikuwa kinamsumbua, akalala. Alipolala nikamwekea sinia la kuanikia pareto. Nikakaa nimelishika kwa mikono miwili mpaka nilipojua neno limepita. Alipoamka aliliona. Hakunigombeza. Alisema tu, basi tumsubiri fundi." Alisukuma kijinga ndani ya moto. "Fundi alifika saa kumi na moja na nusu."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni.

"Kaka yake anauliza nani alimfunika," Yustina aliendelea. "Gaudensi. Anasema ndugu yake hakuwa mwoga. Nimewaambia sijui. Jioni watakuita uani ueleze, wewe ni mtu wa kituo. Usinitaje. Nina watoto watatu katika nyumba hii."

Skolastika aliyekuwa amekwenda redioni kwa ajili ya ukweli alikaa pale akiutazama moshi. Angeweza kusema kwamba mashine iliharibika na dhoruba. Wangeamini. Kila mtu alitaka kuamini.

Walimwita kabla jua halijazama. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, Yustina akiwa mwisho kabisa karibu na ukuta. Gaudensi, mtu mzima mwenye koti la baridi lililochakaa, alizungumza bila kupandisha sauti.

"Binti, wewe umesoma. Tuambie ndugu yetu alikufaje."

"Betri ya pampu yake iliisha," alisema Skolastika. "Iliisha kwa sababu neno halikumfikia. Na watu waliliogopa neno kwa sababu lilikuwa na kosa ndani yake. Kosa hilo ni langu. Niliandika sehemu ya ile pampu, nikashindwa kuihakiki yote, nikasema inatosha. Isingekuwa hivyo, Jumanne kusingekuwa na kitu cha kuamua. Si yeye wala mtu wa nyumba hii angelazimika kuchagua."

Mzee mmoja alitema mate pembeni.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema Gaudensi.

"Ni mimi."

Gaudensi alimwangalia kwa namna ambayo hakuweza kuielewa, si chuki wala msamaha. "Matanga tunaanua Ijumaa," alisema. "Kwetu mwenye mkono katika msiba hapiti na kwenda zake. Utakaa."

Akakaa. Alipeleka ujumbe kituoni kwa redio ya kata. Sanga alijibu kwamba tume ya uchunguzi inakuja Alhamisi na inamtaka yeye kwanza kabisa. Alijibu kwamba atafika Jumamosi. Siku mbili alimenya viazi na kuchota maji kwenye baridi iliyopasua midomo, pamoja na wanawake ambao mwanzoni hawakumsemesha na baadaye walimtuma kama walivyotumana wao kwa wao.

Ijumaa mchana Yustina alimsindikiza mpaka alipoegesha pikipiki.

"Uliwadanganya," alisema walipokuwa mbali na watu.

"Sikuwadanganya. Nilisema lililo langu."

"Na langu?"

"Lako ni lako. Siwezi kulisema mimi."

Yustina aligeuka akaitazama nyumba, ambako Gaudensi alikuwa akikunja mahema ya msiba na mtoto mdogo wa Yustina akimshikia kamba.

"Siku nitakayowaambia," alisema, "nitataka uwepo. Sitaweza peke yangu."

"Niite. Nitakuja."

"Inaweza kuwa miaka."

"Nitakuja," alisema Skolastika, akawasha pikipiki, akashuka kuelekea kituoni, ambako watu wa tume walikuwa wakimsubiri kwa siku ya pili.